Kupanga Kazi Mahali Ambapo Kazi Imekatazwa

Mwishoni mwa Machi 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, kambi iliyoko wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Walipewa hadi tarehe 15 Aprili. Katikati ya Mei polisi na wanajeshi walianza kupita madukani na majumbani kuwakusanya waliobaki, na shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba mamia ya watu, watoto wakiwamo, walikamatwa na wengine kupelekwa gereza la Maula. Maduka ya Warundi, Wanyarwanda na Wakongomani waliokuwa wakiuza unga, sabuni na mafuta ya kupikia kwa miaka mingi yalifungwa. Waliotendewa hivyo walikuwa wakijilisha kwa jasho lao bila kumwomba mtu, na hakuna namna ya kulieleza tukio hilo ambayo italifanya liwe la haki. Hata hivyo, limetuachia kipimo cha mpango wowote wa kazi kwa mtu wa Dzaleka. Siku amri inapotoka, ni nini kinachobaki mikononi mwako? Fremu ya duka haibaki, wala kodi uliyolipia miezi sita mbele. Unabaki na kile unachokijua, karatasi inayothibitisha kwamba unakijua, na watu wa nje ya kambi walioiona kazi yako na wako tayari kukutaja. Ninachotetea hapa ni kwamba mkimbizi anayefikiria kukua kikazi, au kuacha kazi moja na kushika nyingine, apime kila hatua kwa mambo hayo kwanza, na kipato cha mwezi kije baadaye.

Ili hoja hiyo isimame, lazima ieleweke kwa nini ngazi ya kawaida ya kazi haipo Dzaleka. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, ilitangaza kwamba haitafungwa na vifungu tisa vya mkataba huo, kikiwamo kifungu cha 17 kinachohusu ajira ya mshahara na cha 26 kinachohusu uhuru wa kutembea. Sheria ya Wakimbizi ikafuata mwaka 1989. Wakati huo nchi ilikuwa ikipokea Wamsumbiji waliokimbia vita, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 idadi yao ilifika kama milioni moja, katika nchi maskini yenye watu chini ya milioni kumi. Mtu anaweza kuielewa hofu ya serikali ya siku zile. Lakini amani ilipopatikana Msumbiji mwaka 1992, watu wale walirudi kwao ndani ya miaka michache. Dzaleka, iliyokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, ilifunguliwa kama kambi mwaka 1994 kwa ajili ya watu wa Maziwa Makuu, ambao vita vyao havijawaachia njia ya kurudi. Ilikusudiwa watu elfu kumi hadi kumi na mbili, na leo ina zaidi ya elfu hamsini. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya wageni wa miaka michache inawatawala watu waliozaliwa kambini, wakasoma kambini na sasa wanalea watoto wao humo humo.

Kwa sababu hiyo, watu wengi wa Dzaleka wana mpango mmoja tu wa kazi, nao ni kungoja. Wanangoja kuitwa mahojiano na kupelekwa nchi ya tatu, na maisha ya kazi wanayahesabu kuwa yataanza huko. Siwalaumu, wamewaona majirani wakipanda basi kwenda uwanja wa ndege na baadaye wakituma picha za watoto wakiwa na sare za shule. Ila hesabu haiungi mkono mpango huo. Duniani kote, wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka ni chini ya asilimia moja ya wakimbizi wote. Na Januari 2025 Marekani, ambayo kwa miaka kadhaa iliwapokea Wakongomani wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote katika mpango wake wa wakimbizi, ilisimamisha mpango huo kwa amri ya rais, hata kwa familia zilizokwisha kukatiwa tiketi. Mtu aliyeiweka miaka kumi yake kwenye tarehe ya ndege alipata hasara ambayo hakuna ofisi itakayomfidia.

Tuseme basi ndege imekuja. Anayefika Marekani kwa njia ya mashirika ya mapokezi husukumwa kupata ajira katika miezi ya mwanzo kabisa, kwa sababu msaada wa kuanzia ni wa muda mfupi. Kazi inayopatikana haraka kiasi hicho ni ya kiwanda cha kuku, ghala au usafi wa hoteli. Muuguzi wa Bukavu asiye na karatasi za masomo yake ataingia katika mstari wa kukata nyama sawasawa na mtu ambaye hajawahi kushika bomba la sindano, na kupanda kutoka hapo kutachukua miaka. Akiwa ameibeba nakala ya stashahada, orodha ya masomo na barua za vituo alivyofanyia kazi, bado atalazimika kuanza chini, lakini kuna mlango wa pili anaoweza kuubisha. Hapa ndipo ninapoona nguvu ya kupanga. Maandalizi yanayomfaa mtu akihamishwa yanamfaa pia akirudi Kongo, na yanamfaa Malawi ikibadili sheria. Mpango unaotegemea jibu moja kati ya hayo matatu ni wa kubahatisha.

Pingamizi la kwanza nalijua, na lina uzito. Mtu atasema: hii ni anasa ya walioshiba. Msaada wa chakula umepunguzwa mara kwa mara, bei zinapanda, na Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kiasi kwamba bei ya dola ilipanda kwa asilimia 44 kwa siku moja. Mama anayekaanga maandazi ili watoto wale jioni hana nafasi ya kupanga taaluma. Nakubali kwamba njaa hukata mipango. Lakini kushuka kwa kwacha kunaonyesha upande mwingine pia. Aliyekuwa amejibana akaweka noti ndani aliamka akiwa amepoteza karibu theluthi ya thamani ya alichojiwekea kwa hesabu ya dola, bila kosa lolote. Fundi cherehani aliyetumia sehemu ya fedha hizo kujifunza kukata suti hakupunguziwa ujuzi wake na Benki Kuu. Pale ambapo fedha haihifadhiki na mali inaweza kufungiwa kwa amri, kujifunza ndiyo njia ya kuweka akiba iliyobaki kwa maskini, na ndiyo maana nasema mpango wa kazi ni wa watu wa hali ya mama wa maandazi kabla ya kuwa wa mtu mwingine. Kwake yeye mpango hauna haja ya kuwa mkubwa. Daftari la kila siku la unga, mafuta na mauzo, likitunzwa mwaka mzima, linamfanya awe mtu anayeweza kuonyesha kwamba amesimamia biashara, na kikundi cha kuweka na kukopa au shirika la mikopo huuliza jambo hilo kwanza.

Suala la uthibitisho linastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu Dzaleka imejaa kazi isiyoandikwa. Mashirika yanayohudumia kambi huwatumia wakimbizi kama wakalimani, walimu wasaidizi, wahamasishaji wa afya na walinzi, na huwalipa kile watu wanachokiita insentivu, posho iliyo chini sana ya mshahara wa Mmalawi anayefanya kazi ileile. Ubaya wa posho hiyo hauishii kwenye udogo wake. Mkalimani anaweza kukaa miaka minane akitafsiri kati ya daktari na mgonjwa kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, akajua istilahi za kifua kikuu, uzazi na msongo wa mawazo kuliko wakalimani wengi wa Ulaya wenye vyeti, kisha mradi ukafungwa na yeye akatoka na kitambulisho cha plastiki kilichopitwa na wakati. Miradi hufungwa bila taarifa ya kutosha, na misaada ya kigeni ilipokatwa mwaka 2025 jambo hilo lilitokea katika kambi nyingi duniani. Anayefanya kazi ya insentivu aombe barua sasa, akiwa bado anahitajika, na barua hiyo isiseme tu kwamba alikuwa mtu mwaminifu na mchapakazi. Itaje kazi alizofanya, kwa lugha zipi, kwa muda gani, mafunzo aliyohudhuria na jina la aliyemsimamia. Barua ya namna hiyo haiombi ruhusa ya bunge wala bajeti ya wafadhili; meneja anaweza kuiandika kwa nusu saa, na kuinyima ni kumdhulumu mtu mara ya pili.

Kwa vyeti rasmi, njia ni nyembamba lakini zipo. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Malawi hutathmini shahada za kigeni, na mafunzo yanayotambuliwa na TEVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi nchini, yana thamani inayoeleweka na mwajiri yeyote nchini. Shirika la There Is Hope, lililoanzishwa na Innocent Magambi, ambaye mwenyewe alizaliwa na kukulia katika kambi za wakimbizi, limewafundisha ufundi na kuwasomesha wakimbizi pamoja na wanavijiji wanaoizunguka kambi. Wajesuti walianza masomo ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao Dzaleka mwaka 2010, sambamba na Kakuma kule Kenya, na kazi hiyo sasa inaendelea chini ya jina la Jesuit Worldwide Learning. Zambia, jirani wa Malawi, ndiko UNESCO ilikoanza mwaka 2019 kutoa pasi ya sifa za elimu kwa wakimbizi, hati inayotokana na kumhoji mtu na kukagua alichosoma hata kama vyeti vyake viliungua nyumba ilipochomwa. Watu wa Dzaleka wana kila sababu ya kuidai huduma hiyo Lilongwe, na kuidai kwa jina lake.

Cheti peke yake hakimpi mtu kazi. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti ambao hadi leo ndio unaotajwa zaidi watu wanapozungumzia namna kazi zinavyopatikana. Aliwauliza watu wa Newton, karibu na Boston, waliokuwa wamebadili kazi karibuni na kuipata kwa kuambiwa na mtu, kwamba mtu huyo walikuwa wakionana naye mara ngapi. Waliosema mara nyingi walikuwa kama mmoja kati ya sita. Waliobaki waliambiwa na watu wanaoonana nao mara mojamoja au kwa nadra. Sababu yake ni rahisi: ndugu na rafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua, ila mtu wa mbali anatoka mahali ambapo habari ni nyingine. Mwaka 2022 watafiti walipima jambo hilo upya kwa watumiaji milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn, na matokeo yao, yaliyotoka katika jarida la Science, yalionyesha kwamba watu wanaofahamiana kwa kiasi tu ndio waliosaidia zaidi mtu kuhama kazi. Sasa litazame hilo ukiwa kambini. Dzaleka kila mtu anamjua mwenzake; kanisa, msikiti, kisima na foleni ya posho vinawakutanisha watu walewale. Upendo upo na msaada upo, lakini habari ya kazi iliyoko Area 47 ya Lilongwe, Blantyre au Nairobi haina wa kuileta. Sheria ya kuwafungia watu kambini imekata miguu yao na imekata pia mahusiano ya mbali, yale hasa yanayoleta kazi.

Ndiyo maana naiona Tamasha la Tumaini kuwa zaidi ya muziki. Mshairi Mkongomani Trésor Mpauni, anayejulikana kama Menes La Plume, alilianzisha mwaka 2014 akiwa mkimbizi hapo hapo, na kila mwaka linavuta maelfu ya watu, Wamalawi na wageni, kuja kambini, wengine wakilala katika nyumba za wenyeji wao wakimbizi. Kwa kuwa wakimbizi hawaruhusiwi kuufuata mji, tamasha huuleta mji kwao. Mwenye kioski cha chapati, mshonaji wa vitenge, fundi wa spika na kijana anayepiga picha wanakutana kwa siku chache na watu ambao vinginevyo wasingewaona mwaka mzima. Anayepanga kazi yake vizuri haendi pale kutazama tu. Anakwenda na sampuli, na namba ya simu iliyoandikwa kwa herufi zinazosomeka, kisha wiki inayofuata anawaandikia aliozungumza nao. Redio ya jamii ya Yetu, inayosikika ndani ya kambi na vijiji vya jirani, inafanya kazi inayofanana na hiyo kwa mtu mwenye sauti na jambo la kusema.

Kuhusu kubadili kazi kwenyewe, ushauri uliozoeleka ni kwamba ujitafakari kwanza, ujue unachokipenda, halafu uamue. Herminia Ibarra, mtafiti wa kazi aliyewafuatilia watu waliohama kutoka taaluma moja hadi nyingine na kuchapisha matokeo yake mwaka 2003, aliona mambo yakienda kinyume: waliofanikiwa walianza kwa kujaribu kazi mpya kwa vipande vidogo wakiwa bado katika ya zamani, na kujijua kukaja baadaye. Naona njia hiyo inamfaa mtu wa Dzaleka kuliko mtu wa Boston, maana hapa kuruka bila kugusa maji kwanza kunaweza kuinyima familia chakula. Mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kuingia kwenye kompyuta hana haja ya kuacha darasa. TakenoLab, kituo kilichoanzishwa kambini na Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, kimewafundisha vijana kuandika programu za simu, na mtu anaweza kujaribu miezi kadhaa akaona kama kichwa chake kinakubali. Lakini niseme wazi kwamba kazi ya mtandaoni haitawabeba wote. Umeme hukatika, bando ni ghali, na mteja wa ng'ambo hutaka kulipa kwenye akaunti ya benki ambayo mkimbizi anahangaika kuifungua. Wanaoisifu kazi hiyo kama jibu la kambi nzima wanawaumiza vijana kwa ahadi.

Pingamizi jingine linatoka upande wa wenyeji. Malawi yenyewe ina uhaba wa ajira. Kwa nini mgeni apangiwe kukua? Takwimu za serikali za mwaka 2013 zilionyesha kwamba karibu watu tisa katika kila kumi wanaofanya kazi Malawi wako katika sekta isiyo rasmi, yaani kilimo kidogo, uchuuzi na ganyu, kama vibarua vinavyoitwa huko. Kwa hiyo picha ya mkimbizi akimnyang'anya Mmalawi kiti cha ofisini ni ya uongo. Viti vyenyewe ni vichache na mkimbizi hakaribishwi kuvikalia. Katika uchuuzi, ambako wanakutana kweli, ushahidi mzuri zaidi tulio nao unatoka Uganda, ambayo kwa sheria ya 2006 inawaruhusu wakimbizi kutembea na kufanya kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakiongozwa na Alexander Betts walikuta, katika ripoti ya 2014, kwamba mkimbizi mmoja kati ya watano jijini Kampala alikuwa na biashara iliyomwajiri angalau mtu mmoja, na kwamba asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa raia wa Uganda. Watu wa pwani wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Kampala imeonyesha kwa hesabu namna inavyotokea. Haina maana kwamba hakuna Mmalawi aliyewahi kuzidiwa bei na jirani yake Mrundi. Wapo, na uchungu wao ni wa kweli. Ila mwenye duka anayebanwa na mshindani huhitaji mtaji na barabara nzuri ya kuletea bidhaa, na kumfungia mshindani wake kambini hakumpi vyote viwili. Kunawaondolea wateja bei nafuu na wauzaji wa jumla wanunuzi wao.

Wapo pia wanaoniambia kwamba kumhimiza mkimbizi ajiandae ni kumtwisha mzigo wa serikali. Ningekubaliana nao kama maandalizi yangekuwa badala ya kudai haki. Malawi iondoe pingamizi lake juu ya kifungu cha 17, na iondoe la kifungu cha 26 pia. Miaka zaidi ya thelathini inatosha. Kenya ilikuwa na sera kali ya makambi, na mwaka 2021 ikapitisha sheria mpya ya wakimbizi inayofungua njia ya kazi, ingawa utekelezaji wake unakwenda polepole. Sheria hubadilika, na siku inapobadilika watakaopita mwanzo ni wenye karatasi mkononi.

Mlango mmoja huenda ukafunguka mapema kuliko mingine. Julai 2023, Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania alipohudhuria sherehe za uhuru wa Malawi mjini Lilongwe, Lazarus Chakwera, aliyekuwa rais wa Malawi wakati huo, alitangaza kwamba Malawi itaanza kufundisha Kiswahili shuleni. Ilikuwa wiki chache tu baada ya msako wa Mei. Nchi ina sababu nzito za kukitaka: sehemu kubwa ya mizigo yake hupita bandari ya Dar es Salaam, shirika lake la Malawi Cargo Centres lina vituo Dar es Salaam na Mbeya, na wafanyabiashara wake huenda Tunduma na Kariakoo wakitegemea madalali kwa sababu ya lugha. Kisichokuwapo kwa wingi ni walimu. Dzaleka kuna maelfu ya watu wanaokisema Kiswahili tangu utotoni, na miongoni mwao wapo waliowahi kufundisha Uvira, Bukavu na Bujumbura. Kukisema si kukifundisha, na Kiswahili cha Kivu si kile cha mtihani. Anayeiona nafasi hiyo aanze sasa kusoma sarufi sanifu, akusanye vitabu vya Tanzania, afundishe kikundi cha watoto wa Wamalawi wa vijiji vya jirani na aandike maendeleo yao wiki kwa wiki. Likuni, nje kidogo ya Lilongwe upande wa kusini-magharibi, ina shule mbili za sekondari zinazojulikana nchi nzima, ya wavulana na ya wasichana, zilizokua kando ya misheni ya Kikatoliki na hospitali yake. Wizara ya Elimu ikitaka kuanza na shule za namna hiyo, itawatafuta walimu mbali au itawapa kibali cha ajira watu walioko chini ya saa mbili kwa basi.